Salamu Thelathini

Haya, sogea nikutegee. Ni wangu tangu nizaliwe na kila ninapokwenda nakwenda nao, lakini leo ukichomwa na mwiba, atakayeshtuka ni wewe unayeutazama. Mimi nitaendelea na safari yangu. Ni nini?

Usijitese, sidai mji wa mtu. Ni mguu uliokufa ganzi. Unaukalia mguu saa nzima ukikunja nguo, unainuka, unaukuta chini yako kama mguu wa jirani. Unaupiga kofi, haujibu.

Nimeanza na mguu kwa sababu kuna mwaka mimi mzima nilikuwa mguu huo, kuanzia utosini.

Binti yangu alifariki. Aliugua siku kumi na moja, ya kumi na mbili tukamzika. Aliacha mtoto mmoja wa kike, wa miaka kumi na tisa, na tukabaki naye wawili katika vile vyumba vyetu viwili. Mjukuu wangu huyo mimi humwita mke mwenzangu, maana babu yake enzi za uhai wake alikuwa akitangaza kwamba ameshaoa mke mdogo na mimi nifungashiwe virago nirudi kwetu.

Siku za msiba watu walilia hadi sauti zikakauka. Mimi nilipanga viti. Nilijua vikombe vingapi vimetoka na vingapi vimerudi, na kwamba kimoja cha maua mekundu kilikuwa hakijaonekana. Watu wakasema, "Mama jasiri huyu." Nikalipokea jina hilo kama mtu anavyopokea nguo aliyopewa kimakosa na dobi. Si yako, lakini inakuenea, basi unaivaa.

Siku ya nne nikaamka kwenda kazini. Nilikuwa nafunga kamba za viatu pale mlangoni, na mjukuu wangu amekaa kwenye kitanda cha mama yake, kichwa wazi, macho yamevimba. Akaniuliza, "Bibi, kwani wewe humlilii mama?"

Nikamaliza kufunga kamba ya kushoto.

"Chai iko kwenye chupa," nikamwambia, na nikatoka.

Lile swali likabaki pale kitandani miezi minane. Tulikuwa tunalizunguka kama beseni lililowekwa katikati ya chumba.

Kazi yangu ni kupiga pasi katika dobi kubwa. Tunafua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Ni chumba kirefu, sakafu ya saruji imeinama kidogo ili maji yaende kwenye mfereji. Mashine mbili za kufulia upande wa mlango, moja nzima na moja ya kubembelezwa. Meza sita za pasi upande wa dirisha, na mvuke ambao hauondoki hata siku za baridi. Tulikuwa wanawake kumi na watano. Kulia kwangu alikuwa Mama Wanga, anayechemsha wanga wa kukazia vitambaa vya meza, mwanamke mwenye miguu iliyovimba na mdomo usiovimba kamwe kwa kazi. Kushoto alikuwa Kifungo, mdogo kuliko sote, anayerudisha vifungo vilivyong'oka mashineni.

Mjukuu wangu alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, anasoma saikolojia. Siku ya kwanza alipokuja kunitembelea kazini, miezi kama minane baada ya msiba, Mama Wanga alimkamata palepale.

"Wewe si ndiye unayesomea mawazo ya watu? Haya, mimi nawaza nini?"

"Unawaza chakula cha mchana, mama."

"Yallah! Mtoto amefuzu huyu! Mnasubiri nini kumpa cheti?"

Tulicheka. Yaani wao walicheka na mimi nikafungua mdomo pamoja nao.

"Hatusomi mawazo," mjukuu wangu akasema. "Tunauliza, tunaandika, tunalinganisha, halafu tunajiuliza tumekosea wapi."

"Hapo pa kukosea hata mimi nina shahada," akasema Kifungo.

Kumbe alikuwa amekuja na shida. Mhadhiri wao alikuwa amewapa kila mmoja utafiti mdogo wa kufanya. Watu thelathini, fomu thelathini zilizojazwa bila pengo. Asiyeleta haingii kwenye mtihani, na asiyeingia kwenye mtihani anarudia mwaka. Mama yake alikuwa amemwacha mwaka wa kwanza. Mtoto hakutaka mwaka huo urefuke; alitaka uishe, ufungwe, uwekwe pamoja na vitu vingine vya mwaka ule.

Swali la utafiti wake lilikuwa hili: je, wanawake wanaofua pamoja wana hali nzuri ya moyo kuliko wanaofua peke yao kwenye nyumba za watu? Kumi na watano wa kwetu, kumi na watano wa majumbani.

"Sasa hao wa majumbani wa nini?" Mama Wanga akauliza. "Si utuulize sisi tu, uondoke zako?"

Nikamjibu mimi, maana hilo nililielewa. "Ukiletewa sabuni mpya utajuaje kama inatakatisha? Unafua shuka moja kwa mpya na jingine kwa ile ya zamani. Maji yaleyale, jua lilelile. Ukibadilisha sabuni na jua siku moja, shuka likiwa jeupe utamshukuru nani?"

Mjukuu wangu akanitazama. "Bibi, mhadhiri alitumia wiki mbili kutuambia hilo."

"Sisi hatuna wiki mbili. Mashuka ya hospitali yanatoka saa tisa."

"Na mimi nikiimba umeme unakatika," Mama Wanga akasema. "Mara tatu mwezi huu. Hiyo nayo ni sayansi?"

"Hapana, mama. Vitu viwili vinaweza kutokea pamoja bila kimoja kukileta kingine."

"Mwambie msimamizi basi. Amenikataza kuimba."

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipoharibu. Mtoto alipoondoka niliwaita wenzangu wote nikawaambia, "Huyu ni yatima. Mtihani wake uko mikononi mwetu. Atakuja na maswali, msimwaibishe." Nilimaanisha mema. Enzi zetu shuleni aliyejua alimsogezea daftari mwenzake, na hiyo ndiyo ilikuwa adabu. Mama Wanga naye akapeleka habari kwa wale wanaofua majumbani, mmoja baada ya mwingine, mpaka zikawafikia wote kumi na watano.

Wale wa majumbani akawauliza Jumamosi na Jumapili. Kwetu akaja mchana wa Jumatatu, saa ya mapumziko. Akapita meza kwa meza, fomu mkononi, kichwa kimeinama kwa heshima kama alivyolelewa.

"Shikamoo mama. Habari za kazi?"

"Marahaba mwanangu. Nzuri."

"Unajisikiaje siku hizi? Toka moja mpaka tano, tano ni vizuri sana."

"Tano."

Kifungo alikuwa ameachwa na mume wiki ileile. Yule bwana aliondoka na godoro, akamwachia chaga za kitanda. "Nzuri tu, dada," akasema. "Weka tano." Mama Wanga miguu yake ilikuwa imejaa kama mito. "Tano," akasema. "Ongeza nusu." Akafika kwangu. Nilimtazama mtoto wa marehemu binti yangu, akanitazama.

"Tano," nikasema.

Alipeleka fomu thelathini chuoni zimepangwa vizuri. Jioni akarudi nazo zilezile. Mhadhiri, mama mmoja mkali wa miwani, alikuwa amezipekua kama anayehesabu karata, kisha akamrudishia.

"Amesema, 'Umeniletea salamu thelathini. Utafiti uko wapi?'"

Nikamwambia nilichowaambia wenzangu. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alikaa tu sakafuni akizungusha kalamu.

"Hata usingewaambia, wangesema tano," akasema mwisho. "Mimi mwenyewe niliwauliza kama ninayebisha hodi. Watu wakiulizwa habari wanasema nzuri. Hata msibani mtu anasema nzuri, ila tumefiwa."

"Amekupa siku ngapi?"

"Mpaka Ijumaa saa nne asubuhi."

Nikawaza. Vitu vya kuwaza nilikuwa navyo. Vya kusikia moyoni ndivyo sikuwa navyo. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, kitendawili hakibishi hodi mlango wa mbele. Nikitaka ukitaje kitu, sikitaji mimi. Nakutajia kinachokaa jirani yake. Usimuulize mtu hali yake. Muulize jana alikula mara ngapi. Muulize mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini, na alikuwa na nani."

Kalamu ikasimama. "Bibi, kwenye vitabu hiyo inaitwa kupima tabia inayohesabika."

"Sisi tunaiita umbeya."

Akacheka, kweli kweli, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Niliisikia sauti ya kicheko chake kama redio ya chumba cha pili.

Akaandika fomu mpya yenye maswali saba. Kesho yake akaipeleka kwa mhadhiri, naye akaikubali, na Jumatano mchana akaja dobi na boksi tupu la sabuni alilolitoboa juu. Alisimama katikati ya mashine akatangaza kwa sauti. Fomu hazina jina, zina namba tu. Kila mtu anajaza mwenyewe na kutumbukiza mwenyewe. Swali usilotaka kulijibu, liache. Unayetaka kuacha yote, acha yote.

"Na mimi nikikataa, utaninunia?" Kifungo akauliza.

"Sitakununia, dada."

"Apa."

"Naapa. Na wewe Bibi," akanigeukia mbele za watu, "leo huna la kusema."

"Mdomo nimeutia wanga," nikasema.

Wakainama kuandika kwa penseli alizowagawia. Ile dobi, ambayo haijawahi kunyamaza isipokuwa umeme ukikatika, ikanyamaza huku mashine moja inazunguka. Kifungo akainua kichwa.

"Hili la usingizi. Mtu akiwa amelala saa mbili tu usiku mzima, anaandika mbili?"

"Anaandika mbili."

"We Kifungo!" Mama Wanga akaruka. "Saa mbili? Na asubuhi umeniambia umeamka salama!"

"Si nimeamka? Sikusema nimelala."

"Mama, tafadhali, kila mtu na ya kwake," mjukuu wangu akasema.

Mama Wanga akarudi kwenye karatasi yake. Baadaye kidogo nilimwona anafuta kitu alichoandika, anaandika kingine, na anajipangusa shingo kwa kitambaa.

Mimi nilikuwa namba kumi na nne. Jana ulikula mara ngapi? Mbili. Ulilala kwa muda gani? Ulizungumza na nani kabla ya kuja kazini? Niliyajibu yote kwa herufi zangu kubwa za darasa la saba. Nikafika la mwisho.

*Mara ya mwisho ulipolia ilikuwa lini?*

Nikalijua swali hilo, nililiacha kwenye kitanda cha mtu miezi minane iliyopita. Sasa lilikuwa limevaa namba saba na kuingia kwa mlango wa nyuma, na aliyelifundisha kupita nyuma ni mimi mwenyewe.

Nikaandika: *wiki iliyopita.* Nikakunja, nikatumbukiza.

Mchana uleule nilikuwa na rundo la mashuka ya hospitali yenye muhuri wa buluu pembeni. Pasi inakwenda, inarudi. Mara Mama Wanga akanusa hewani.

"Nani anachoma nyama humu?"

Akageuka, akapiga yowe, akanivuta mkono. Ncha ya pasi ilikuwa imeegemea kifundo cha mkono wangu wa kushoto, sijui tangu lini. Ngozi ilikuwa imeshabadilika rangi. Kifungo akakimbilia ndoo. Msimamizi akaja na daftari lake bado mkononi, akasimama tu. Mimi niliutazama ule mkono kama unavyotazama chungu cha jirani kinachoungua: unajua ni hasara, ila si jikoni kwako.

"Hukusikia?" Mama Wanga akaniuliza. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Shoga, hukusikia kabisa?"

"Nilikuwa naangalia muhuri usipinde," nikasema.

Alhamisi walinipa ruhusa ya kubaki nyumbani. Saa za alasiri mjukuu wangu alirudi na fomu za wale wa majumbani, akazimwaga zote sakafuni karibu na dirisha, akapanga mafungu mawili. Mimi nilikaa mkekani, miguu nimeikunja, nikimwangalia. Alisoma kimya. Mara anaandika, mara anashika kichwa.

"Wanaofua pamoja hawalali vizuri kuliko wengine," akasema. "Nilidhani watalala. Ila wanacheka zaidi."

"Kwa hiyo umekosea?"

"Nusu. Nitaandika hivyohivyo."

Akaendelea. Halafu nikaona ameshika fomu moja mkononi muda mrefu, haiweki fungu la kulia wala la kushoto.

"Bibi."

"Naam."

"Sikutakiwa kuitambua hii. Mtafiti mzuri angepita tu. Lakini hizi herufi ndizo zilizokuwa zinaandika jina langu kwenye madaftari yangu."

"Haina jina. Ipite."

"Wiki iliyopita nilikuwa na homa. Nimelala humu ndani siku tano, kwenda kazini hukwenda, umenikanda mpaka nimepona. Hukulia."

"Nililia ukiwa umelala."

"Bibi," akasema polepole, bila ukali wowote. "Hii ni salamu."

Nikanyoosha mkono mzima, akanipa fomu. Nikachukua ufutio wake, nikalifuta lile neno mpaka karatasi ikatoa manyoya. Nikamrudishia.

"Haya. Sasa ni peupe."

"Ni haki yako kupaacha peupe. Lakini fomu yenye pengo siihesabu. Zinabaki ishirini na tisa."

"Tafuta mwingine."

"Dobi mko kumi na watano, wote mmeshajaza. Nikimleta wa nje si wa kundi hilo."

"Basi jaza wewe. Unanijua."

"Nikijaza mimi, nimejibu mimi," akasema. "Hata nikipatia."

Nje mtu alikuwa anapigilia bati. Nikaufikiria ule mwaka wake, namna utakavyorudi tena mwanzo na siku zake zote kumi na mbili, na nikataka kumpa jibu. Nakwambia nilitaka. Nilitia mkono ndani kama unavyotafuta ufunguo kwenye mfuko, nikakuta mfuko mtupu. Ningemwandikia nini? Visanduku havikuwepo, ulikuwa mstari mtupu wa kuandika siku, na mimi sikuwa na siku.

Akapanga fomu zote pamoja. Kisha akasema, akiwa bado anatazama chini, "Nilimdanganya mhadhiri. Alipoikagua fomu aliniambia, 'Swali la saba linamuuliza mtu mmoja. Kama ni la utafiti, libaki. Kama ni la kwako, litoe, ukamuulize mwenyewe.' Nikamwambia ni la utafiti."

"Kumbe?"

"Nilikuwa na jibu nililolitaka kabla sijauliza. Watu ishirini na tisa wameniambia siku walizolia ili mimi nimchungulie mmoja. Mama Wanga ameandika jana." Akajiziba mdomo. "Mtu mmoja hivi ameandika jana."

Akachukua rula. Akaweka fomu ya kwanza gotini, akalikata swali la saba kwa mstari mnyoofu, swali na jibu lake. Akachukua ya pili. Akazikata zote, na hiyo kumi na nne ikiwa katikati yake kama zingine, yenye manyoya. Haikuwa kazi ya haraka. Alipomaliza, kila fomu ilikuwa na maswali sita, na hakuna iliyokuwa na pengo. Zilikuwa thelathini. Kwenye karatasi ya mbele akaandika, akinisomea huku anaandika: swali la saba limeondolewa baada ya kukusanywa, kwa sababu mtafiti aliliweka kwa haja yake binafsi.

"Atakukata alama," nikasema.

"Atakata. Lakini mtihani nitaingia."

Akafunga kalamu kifuniko chake. Akaiweka juu ya rundo, akalisukuma rundo lote mpaka ukutani. Akanisogelea kwa magoti, akaanza kunifungua bandeji ya kifundo cha mkono ili abadilishe dawa, kidogo kidogo, akipuliza palipogandia. Nilitaka kunyoosha mguu nimpe nafasi. Mguu ulikuwa umekufa. Nikausogeza kwa mkono ule mwingine kama mzigo, na ulipogusa sakafu ukaanza kusisimka, sindano mojamoja, mbali huko kwenye unyayo.

"Sina kalamu sasa," mjukuu wangu akasema. Alikuwa ameinamia mkono wangu, uso wake siuoni. "Sina fomu. Nakuuliza kama nilivyokuuliza siku ile. Bibi, kwani wewe humlilii mama?"

Nilitazama viatu vyangu pale mlangoni. Kamba zilikuwa zimefunguliwa.

"Bado," nikamwambia.